Picha ya kompyuta kwenye TV haijakamilika: mtafute aliyeipunguza

Umechomeka waya wa HDMI, TV imewaka, sinema inaonekana. Lakini ukifungua barua ya Word herufi zina ukungu, au mstari wa chini wenye kitufe cha Start umeliwa nusu, au picha imezungukwa na fremu nyeusi pande zote. Wengi hufika hapo wakakata tamaa na kusema TV hii si ya kompyuta. Nimeunganisha kompyuta mpakato na TV sebuleni kwa watu, madarasani, kwenye kumbi za semina na kwenye mabanda ya mpira, na mara nyingi nimekuta TV ni nzima na waya ni mzima. Inaniuma nikimwona mtu ananunua waya wa tatu wakati dawa ilikuwa kwenye menyu ya TV yake mwenyewe.

Tuanze na jambo moja, maana yote yanayofuata yanategemea hilo. Kioo cha TV kimejengwa kwa nukta ndogo, yaani pikseli, ambazo idadi yake haiongezeki wala haipungui. TV ya Full HD ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. TV nyingi za inchi 32 zenye maandishi ya "HD Ready" zina 1366 kwa 768 tu, kama milioni moja hivi. Picha huwa safi kabisa pale pikseli moja ya kompyuta inapokaa juu ya pikseli moja ya kioo. Ikija pungufu au ikija zaidi, inabidi mtu aivute au aibane, na kuvuta ni kukisia. Sinema huvumilia kukisiwa, herufi hazivumilii.

Njiani kuna wanne: kadi ya picha ndani ya kompyuta, tundu au adapta, waya, na TV yenyewe. Kila mmoja ana kikomo chake, na mwenye kikomo kidogo kuliko wenzake ndiye anayeamua picha yote. Kazi yetu ni kumtafuta huyo.

Namba tatu za kuandika kabla ya kugusa chochote

Chukua karatasi. Namba ya kwanza ni ya kioo chenyewe. Geuza TV, soma jina la modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kisha tafuta sifa zake mtandaoni. Kuwa mwangalifu na maandishi ya kwenye boksi: TV "inayopokea 1080p" si lazima iwe na kioo cha 1080. Kupokea ni jambo moja, kuonyesha ni jambo lingine, na TV nyingi za inchi 32 hupokea 1920 × 1080 kisha zikaibana iingie kwenye 1366 × 768.

Namba ya pili ni ya picha inayofika. TV ikiwa kwenye HDMI yenye kompyuta, bonyeza "Info" au "Display" kwenye rimoti. TV nyingi huandika pembeni kitu kama 1920x1080 60Hz, yaani pikseli za upana kwa urefu, na picha inachorwa upya mara ngapi kwa sekunde (Hz). Hapo TV inakwambia yenyewe ilichopokea.

Namba ya tatu ni ile ambayo kompyuta inadai inatuma. Kwenye Windows 10 na 11 ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display. Hakikisha umechagua TV na si kioo cha kompyuta. Utaona mistari miwili: "Desktop" na "Active signal". Mistari hii ni ya thamani kubwa na watu hupita bila kuisoma. Ikitofautiana, ujue kadi ya picha inachora kwa ukubwa mmoja na kutuma kwa ukubwa mwingine, kwa hiyo picha imevutwa kabla hata haijaingia kwenye waya.

Sasa linganisha. Namba zote tatu zikilingana na bado picha imekatwa kingo au ina ukungu, aliyeharibu ni TV. Inayofika ikiwa ndogo kuliko ya kioo, tafuta upande wa kompyuta, adapta au waya. Usishangae ukiona 59.94Hz badala ya 60. Hiyo si hitilafu.

Kingo za picha zimekatwa

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote. Asili yake ni zile TV za chogo. Mirija yake haikuweza kuchora kingo za picha kwa usahihi, kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha kidogo ili kingo mbovu zijifiche nyuma ya fremu. Chogo liliondoka, tabia ikabaki. Mpaka leo TV bapa nyingi zikitoka kiwandani hukuza picha ya HDMI kwa asilimia chache. Kwenye mpira huoni kitu. Kwenye kompyuta unapoteza saa, kitufe cha Start na alama ya kufunga dirisha, na kwa kuwa picha yote imekuzwa, pikseli haziketi tena moja juu ya moja, ndiyo maana ukungu na kukatwa kingo huja pamoja.

Dawa iko kwenye menyu ya TV, sehemu ya Picture, kwenye ukubwa wa picha au "Aspect Ratio". Kila mtengenezaji amelipatia chaguo hilo jina lake. LG huita "Just Scan". Samsung huita "Screen Fit" au "Fit to Screen". Sony wanayo "Display Area", nawe unachagua "Full Pixel". Sharp ni "Dot by Dot", Philips ni "Unscaled". Kwenye chapa ndogo ndogo tafuta "1:1", "Point to Point", au neno "Overscan" ulizime.

Mambo mawili huwakwamisha watu hapa. Chaguo hili mara nyingi hufifia au halionekani kabisa ikiwa TV haiko kwenye HDMI wakati huo, kwa hiyo ingia kwanza kwenye picha ya kompyuta ndipo ufungue menyu. Pili, mpangilio hukaa kwa tundu moja moja: ukirekebisha HDMI 1 halafu kesho ukachomeka HDMI 2, tatizo linarudi kana kwamba hukufanya kitu. Kwenye TV kadhaa, kulipatia tundu jina "PC" kunamaliza kazi yote kwa mara moja. Nitarudi kwenye jina hilo.

Kuna watu hurekebisha kwa kuipunguza picha upande wa kompyuta, kwa kile kitelezi cha programu ya Intel, AMD au Nvidia. Kingo zitarudi, ndiyo. Lakini sasa kompyuta inaibana picha na TV inaikuza tena, na herufi zimeharibiwa mara mbili. Tumia njia hiyo pale tu ambapo menyu ya TV umeipekua yote na hukuona kitu.

Kinyume chake ni fremu nyeusi pande zote nne. Hapo anza na hicho hicho kitelezi. Kwenye AMD kinaitwa "HDMI Scaling". Kivute mpaka 0%. Kwenye Nvidia fungua "Adjust desktop size and position" uchague "No scaling". Weusi ukiwa kulia na kushoto tu, umbo la picha ndilo haliendani na la TV: kompyuta inatuma 4:3 au 16:10 (uwiano wa upana kwa urefu) kwenye kioo cha 16:9, na sababu yake iko kwenye kipengele kinachofuata.

Picha imejaa vizuri, lakini ina ukungu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaona chaguo nne. Kama iko kwenye "Duplicate", huenda umeshampata mwizi. Ukiagiza vioo viwili vionyeshe kitu kimoja, kompyuta hutafuta ukubwa ambao vyote viwili vinauweza, na mara nyingi hushuka kwenye ule wa kioo kidogo. Kompyuta nyingi za mtumba zina kioo cha 1366 × 768. Iweke kwenye "Duplicate" na TV ya Full HD, nayo TV inapewa milioni moja ya pikseli wakati ina milioni mbili. Kompyuta yenye kioo cha 1280 × 800 au 1440 × 900 inaleta hata zile pande nyeusi.

Chagua "Second screen only". Kioo cha kompyuta kitazimika, na TV itapewa kipimo chake kamili. Ukihitaji vioo vyote, chagua "Extend", kila kimoja kitapewa namba yake. Kwa mwalimu au mhubiri anayetaka kuona maandishi yake huku watu wakiona slaidi, "Extend" ndiyo yenyewe hata kama ukungu usingekuwepo.

Baada ya hapo rudi kwenye Display, chagua TV, uone kwenye orodha ya "Display resolution" ni namba gani ina neno "Recommended". Mara nyingi ni ya kioo cha TV. Ukitaka kufunga kompyuta na kuiweka pembeni, ingia Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", uweke "Do nothing". Bila hivyo itasinzia ukiifunika tu.

Kwenye Mac ya zamani kidogo, fungua Displays ushikilie kitufe cha Option huku ukibofya "Scaled". Orodha nzima itajitokeza. Kwenye macOS mpya, washa "Show all resolutions" ndani ya mipangilio hiyo hiyo.

Inchi 32 na fumbo la 1366

TV hii inastahili maelezo yake, kwa sababu iko kwenye nyumba nyingi na ndiyo inayowasumbua watu bure. Kioo ni 1366 × 768, lakini ukifungua orodha ya kompyuta unakuta 1920 × 1080, 1280 × 720, pengine 1360 × 768, na 1366 haipo. Si kwamba kompyuta imeharibika. Urefu wa 768 kwenye umbo la 16:9 unataka upana wa 1365.33, viwanda vikakaza mpaka 1366. Hesabu za kawaida za kupanga vipimo vya picha hutaka upana unaogawanyika kwa 8, na 1366 haugawanyiki. Inayogawanyika iliyo karibu kwa chini ni 1360. Juu ya hayo, TV yenyewe hujitambulisha kwa kompyuta kwa vipimo vya televisheni, 720 na 1080, na kioo chake haikitaji kabisa.

Ukiiona 1360 × 768, ijaribu kwanza huku "Overscan" ikiwa imezimwa. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Isipokuwepo, jaribu 1920 × 1080 kwa sinema na 1280 × 720 kwa maandishi, ukae unapokaa kila siku, uchague inayokupendeza. Kama TV ina tundu la VGA na kompyuta pia inalo, lijaribu, maana baadhi ya TV hizi hukubali 1360 kwenye VGA wakati kwenye HDMI hazikubali. Zaidi ya hapo usitafute. Herufi kwenye kioo hiki hazitafikia zile za kompyuta yako, na hakuna waya wa bei yoyote utakaobadilisha hilo.

Kompyuta haina tundu la HDMI

Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zikaja kuuzwa Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, ni imara na nazipenda. Lakini nyingi hazina HDMI. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina DisplayPort na VGA. HDMI ilikuja kwenye G5. Hapo ndipo adapta inaingia, na adapta ina mwelekeo. Waya wa "DisplayPort kwenda HDMI" hupeleka kutoka DisplayPort ya kompyuta hadi HDMI ya TV. Haurudi nyuma.

Adapta nyepesi za DisplayPort huishia 1920 × 1080 kwa 60Hz, nyingine hufika 4K kwa 30Hz. Kwa TV ya Full HD hiyo inatosha kabisa, hakuna haja ya kulipia zaidi. Kwa TV ya 4K unayotaka iende 60Hz, uliza adapta yenye chipu ya kubadilisha, iliyoandikwa waziwazi "4K 60Hz". Ikiandikwa "4K" peke yake, chukulia ni 30.

VGA ni habari nyingine. Ilitoka IBM mwaka 1987, inapeleka picha kwa mfumo wa analogi, na haibebi sauti. HDMI ni ya kidijitali. Kati yao lazima kuwe na konvata yenye chipu, inayopata umeme kwa USB. Madukani kuna waya mwembamba wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili, bila kiboksi wala USB. Nilinunua mmoja zamani nikashinda nao jioni nzima, nikibadilisha mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote. Waya ule hauwezi kubadilisha analogi kuwa dijitali kwa sababu ndani hakuna cha kubadilisha. Ukiuona, urudishe ulikoutoa. Ukiwa na konvata halisi, kumbuka kuchomeka na waya wa sauti wa 3.5mm, na tegemea 1920 × 1080 ndiyo iwe mwisho wake.

Kwa USB-C, umbo la tundu halitoshi kukuambia kitu. Tundu hutoa picha tu kama lina kile kinachoitwa DisplayPort Alt Mode. Angalia pembeni yake: alama ya herufi D na P zilizoungana, au mshale wa radi wa Thunderbolt, ni dalili njema. Alama ya USB pekee haithibitishi, hivyo soma sifa za modeli yako kabla ya kununua adapta.

Orodha imeishia 1024 × 768, au TV haitambuliki kabisa

Ukiona hivi baada ya fundi kuweka Windows upya, bofya kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha "Display adapters". Kama pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", kompyuta haina draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi yake ya picha. Inachora kwa uwezo wa dharura tu, na kioo cha nje mara nyingi hakitatoka kabisa. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, weka modeli, pakua draiva ya "Graphics". Andaa bando, maana faili hizi ni za mamia ya MB. Njia nyingine ni Windows Update, "Advanced options", "Optional updates".

Draiva ikiwepo na bado namba ya kioo haimo kwenye orodha, tatizo ni maamkizi. Kila TV hubeba kadi ndogo ya utambulisho, EDID, inayosomwa na kompyuta kupitia nyaya nyembamba ndani ya HDMI yenyewe. Humo mna jina la TV na vipimo inavyovikubali. Kompyuta ikishindwa kuisoma, hukisia namba ya chini isiyo na hatari. Pini iliyopinda, waya uliolegea, au TV iliyowashwa baada ya kompyuta kushaamua, yote huleta hali hiyo. Zima vyote viwili, chomoa TV ukutani kwa dakika mbili, washa TV kwanza, chagua tundu la HDMI, chomeka waya, ndipo uwashe kompyuta. Utaratibu huu umenitoa kwenye aibu mbele ya ukumbi uliojaa zaidi ya mara moja.

Kwenye banda au ukumbi wenye TV mbili zinazogawiwa na spilita moja, spilita inaweza kuiambia kompyuta kipimo cha TV dhaifu tu. Ichomoe, unganisha TV kubwa moja kwa moja. Namba ikipanda, umemwona aliyekuzuia.

Wa Linux anayetumia Xorg aandike `xrandr` kwenye terminali. Namba yenye nyota ndiyo inayotumika, yenye alama ya kujumlisha ndiyo TV inayoipendelea. Zikiwa mistari tofauti, chagua hiyo ya kujumlisha kwanza kabla ya kutunga vipimo vyako kwa `cvt`.

TV ni 4K, lakini picha imekwama 1080 au mshale unakokota

Hapa hesabu ya upana wa njia inatawala. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 hupitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde. Picha ya 4K mara 30 kwa sekunde inahitaji kama 8.9, inapita. Mara 60 inahitaji karibu 17.8, haipiti. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ndiyo iliyofikisha 18. Sasa kompyuta nyingi zenye Intel ya kizazi cha 10 kurudi nyuma hutoa HDMI 1.4, isipokuwa mtengenezaji aliongeza chipu yake. Kwa hiyo 4K utaipata, lakini kwa 30Hz, na mshale wa kipanya utauona ukiruka ruka. Hapo hakuna cha kutengeneza, kuna cha kuchagua tu.

Kwa kazi za kila siku na mpira, nashauri 1920 × 1080 kwa 60Hz. Pikseli moja inaangukia mraba wa pikseli nne kamili, mbili kwa mbili, kwa hiyo kuvuta huku ni kwepesi kuliko kwingine. Kwa sinema, kaa 4K, na kama 24Hz ipo kwenye orodha ichague, kwa kuwa sinema nyingi zimepigwa kwa fremu 24 na kwenye 30 mwendo wake hautulii.

Kama kompyuta inaweza 60Hz lakini haionekani kwenye orodha, kagua TV. Viwanda vingi hufunga uwezo kamili wa tundu mpaka uufungue mwenyewe: kwenye Samsung tafuta "HDMI UHD Color" au "Input Signal Plus", kwenye LG "HDMI Ultra HD Deep Colour", kwenye Sony "HDMI signal format" uweke "Enhanced". Hufunguliwa kwa kila tundu peke yake, na kwenye TV nyingine si matundu yote yana uwezo huo.

Waya unakuja mwisho, nami nimeuweka mwisho makusudi. Waya mbovu una dalili zake: vinukta vinavyometameta kama nyota, picha inayozimika sekunde mbili ikarudi, hasa ukipandisha 4K 60Hz. Ukungu usioisha hausababishwi na waya, maana mawimbi ya kidijitali hayafifishi herufi kidogo kidogo. Jaribu mfupi wa mita moja au mbili. Ukihitaji kununua, soma "Premium High Speed" au "Ultra High Speed" kwenye kibandiko. Rangi ya dhahabu kwenye ncha haikuambii kitu. Kwa umbali wa mita 10 na kuendelea, kama kwenye banda, tafuta HDMI ya fiba, na ufuate maandishi ya ncha zake: "Source" huenda kwenye kompyuta, "Display" kwenye TV. Ukiugeuza hautatoa picha.

Kuna mtu pia atakayesema resolusheni, yaani idadi ya pikseli, imeshuka kwa sababu kila kitu kimekuwa kikubwa mno. Kabla ya kuyaamini macho yake, angalia "Scale", yaani ukuzaji wa herufi na vitufe. Windows ikiona TV ya 4K huweza kupendekeza 300%, ikidhani umekaa mbali. Shusha mpaka 150% au 200%, namba ya pikseli iache palepale.

Rangi

Herufi nyekundu au za bluu zikiwa na ukungu huku nyeusi ziko safi, TV au kadi ya picha inabana rangi, ile mipangilio inayoandikwa 4:2:0 au 4:2:2. Ndipo lile jina "PC" linaporudi: lipe tundu jina hilo kwenye Samsung au LG, kisha chagua RGB au 4:4:4, yaani rangi isiyobanwa, kwenye programu ya kadi ya picha. Nyeusi ikiwa kama majivu, au vivuli vyote vimezama kuwa weusi mtupu, pande mbili hazijakubaliana kipimo cha kutoka nyeusi hadi nyeupe: upande mmoja unatumia 0 hadi 255, mwingine 16 hadi 235. Badilisha "Black Level" kwenye TV mpaka zilingane.

Umeme, tafadhali

Ukigusa chuma cha kompyuta ikiwa kwenye chaji na ukahisi mwasho kama wa sisimizi, chaja haina njia ya ardhi, ama plagi ni ya pini mbili ama soketi haina waya wa ardhi. Umeme huo mdogo unaweza kupita kwenye HDMI wakati unachomeka na kuunguza tundu, na nimeona matundu yaliyokufa hivyo. Zima TV na chomoa chaja kwanza, unganisha HDMI, kisha rudisha umeme. Na soketi ipimwe.

Kupima kama umefika

Fungua Paint, tengeneza picha yenye ukubwa sawa na wa kioo cha TV, ichoree mistari ya wima, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mmoja pikseli moja. Mia moja inatosha. Nakili na ubandike mpaka pajae. Iangalie kwa kioo kizima, bila kukuza. Mistari ikionekana sawasawa kuanzia kushoto hadi kulia, pikseli zimekutana. Ikionekana mawimbi, mapana hapa na membamba pale, bado kuna anayevuta, rudi kwenye zile namba tatu. Mistari ikiwa sawa lakini herufi zina mzingo mweupe kuzizunguka, shusha "Sharpness" ya TV taratibu mpaka mzingo upotee.